Sufuria ya shangazi na moto uliotoka bila jiko

Jumapili ya juzi saa nne asubuhi shangazi yangu wa Likoni alinipigia simu na hata salamu hakungoja. "Mwanangu, hini sufuria yafoka kama maziwa na wala sijaiweka motoni."

Shangazi hutengeneza sabuni ya kipande pale kwake, miaka mingi sasa, wateja wake ni majirani na maduka mawili matatu ya mtaani. Kostiki soda, ile dawa kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, huikorogea kwenye ndoo ya plastiki, nje uani, kwa mwiko wa mbao, na anajua kabisa kwamba ni soda inayotiwa kwenye maji sio maji kwenye soda. Siku hiyo ndoo ilikuwa imepasuka, basi akachukua sufuria yake kubwa ya alumini, ile ya pilau, akatia maji akamimina kostiki. Maji yakapata moto vile hupata siku zote, akaona sawa. Muda kidogo vikaanza viputo pembeni, vidogo vidogo, halafu povu la kijivu, halafu mvuke unaowasha koo, na sufuria ikazidi kuwa ya moto badala ya kupoa. Nikamwambia shangazi ondoka hapo, usiinamie, usiishike, jiko kama limewashwa lizimwe, mtu na sigara yake asikaribie, watoto wote watoke. Nikakimbilia feri.

Nilipofika ilikuwa imeshatulia. Shikamoo, marahaba, tukaenda moja kwa moja uani. Nikavaa glavu nikaimwagilia maji mengi mpaka utelezi ukaisha, ndio tukaitazama vizuri. Ndani imekuwa nyeusi, ule mng'aro wote umekwisha, na kwenye mzunguko wa chini ile alumini imekonda mpaka ukiibonyeza kwa kidole yabonyea kama kopo la soda. Kusema kweli niliogopa kuliko nilivyomwonyesha. Yeye akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nikae nikaandika hii yote: "Sasa moto umetoka wapi na jiko sikuwasha?"

Mimi nafanya kazi kwenye labu ya shule ya sekondari hapa Mombasa, huu mwaka wa kumi na moja, na hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye kazi yangu. Wanafunzi hujifunza kwamba metali ya sodiamu ikiingia kwenye maji inatoa gesi ya haidrojeni na alkali na joto, wanaandika ekwesheni, wanapata maksi, na lile neno la mwisho "joto" linapita tu kama kwamba joto halihitaji kutoka mahali. Kumbe kila kilojuli, hicho kipimo cha joto, ina asili yake, iliwekwa na mtu au na kitu kabla.

Nikamwambia shangazi hivi. Ile alumini ya sufuria yako haikuchimbwa ardhini ikiwa inang'aa. Ilikuwa udongo, imeshikana na oksijeni, na kuitenganisha ni kazi ya stima nyingi sana. Kilo moja ya alumini kiwandani inakula kama yuniti 14 za stima. Wewe ukinunua tokeni wajua yuniti 14 ni nini, akasema nazijua sana. Sasa sehemu ya ile stima inapotea kama joto la kiwanda, lakini sehemu kubwa inabaki ndani ya chuma chenyewe, yaani hiyo alumini, inakaa kimya, miaka na miaka, na siku chuma kinapopata nafasi ya kurudi kwa oksijeni, hata ile oksijeni iliyo ndani ya maji, kinairudisha. Kilo moja ya alumini ikiliwa na maji na kostiki inarudisha yuniti 4 na kitu kama joto, na nyingine karibu sawa na hizo zimepanda zikaondoka ndani ya haidrojeni, zikisubiri kiberiti. Ndio maana nilikwambia mtu na sigara asikaribie.

Akanyamaza kidogo. "Na siku zote nachemshia chai humo?"

Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Gramu moja ya alumini ina uwezo wa kutoa zaidi ya kilojuli 15 ikikutana na maji. Gramu moja ya sodiamu, ile tunayoiogopa sote, ile tunayoifungia kwenye kabati na kuitia ndani ya mafuta ya taa, inatoa kilojuli 8. Yaani sufuria ya chai ina joto karibu mara mbili ya sodiamu kwa uzito ule ule, na tunaiweka juu ya jiko na maji ndani yake kila siku na hakuna kinachotokea, manake alumini ikishagusa hewa tu inajivika ngozi ya oksaidi, yaani alumini iliyoshikana na oksijeni, nyembamba mno, nanomita chache, unywele wako ni mnene kuliko hiyo ngozi mara maelfu, lakini imeshikamana vizuri kiasi kwamba maji hayapiti. Ukiikwaruza inajiziba yenyewe. Kostiki inaiyeyusha hiyo ngozi na inaendelea kuiyeyusha kila inapojaribu kurudi, basi chuma kinabaki uchi mbele ya maji.

Kwa hivyo kuna maswali mawili, na watu wengi wanayachanganya: joto ni kiasi gani, na linatoka kwa kasi gani. La kwanza liko ndani ya chuma, la pili liko kwenye ngozi na umbo na mazingira yake.

Mwaka jana kijana mmoja wa Fomu Tu alinishika hapo hapo. Tulikuwa tumefanya ile onyesho la metali tatu kwenye beseni la kioo, lithiamu, sodiamu, potasiamu, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, fenolfthaleini, dawa inayogeuka waridi penye alkali, ndani ya maji ili rangi itufuate. Lithiamu ikaelea ikachemka taratibu kama kidonge cha vitamini. Sodiamu ikajikunja ikawa tone la duara linalong'aa, ikakimbia juu ya maji ikilia sss. Potasiamu haikungoja, ikawaka moto wa zambarau palepale, na mwisho wake ikaruka tap, wasichana wa mbele wakarudi nyuma. Wote wakaandika: potasiamu ndiyo inayotoa joto jingi. Yule kijana akaenda maktaba akarudi na namba, akaniuliza kwa heshima mwalimu mbona kitabu chasema lithiamu ndiyo ya kwanza?

Na kitabu chasema kweli. Moli moja (idadi ile ile ya atomi kwa kila metali) ya lithiamu kwenye maji inatoa kama kilojuli 222, potasiamu 196, sodiamu 184. Ukienda kwa uzito ndio utashangaa, gramu moja ya lithiamu kilojuli 32, gramu moja ya potasiamu 5 tu. Zaidi ya mara 6! Na ile iliyo na 32 ndiyo iliyokuwa inachemka kwa adabu.

Sababu kubwa mojawapo ni kuyeyuka. Sodiamu inayeyuka kwenye digrii 98, potasiamu kwenye 63, zote chini ya maji yanayochemka, kwa hivyo joto lao la kwanza kabisa linawageuza kuwa tone la chuma kilichoyeyuka, na tone kila saa lina uso mpya wa kugusa maji. Lithiamu inataka digrii 180. Maji yaliyoizunguka yanalichukua joto kabla haijafika huko, inabaki kipande kigumu, inaliwa kutoka nje tu kama sabuni. Na kuna jambo jingine, lithiamu inaachilia elektroni zake, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, kwa ugumu zaidi kuliko ndugu zake, ingawa mwisho wa safari inapata malipo makubwa zaidi. Kwa potasiamu kasi ni kubwa kiasi kwamba haidrojeni inawaka, na sasa ule moto wa haidrojeni ni hesabu nyingine kabisa. Gramu moja ya sodiamu inatoa kilojuli zake 8 za kwanza, na haidrojeni yake ikishika moto inaongeza karibu 6. Hizo 6 sio za ndani ya maji, ni za hewani, usawa wa uso wako. Miwani, kila siku nasema, miwani.

Kwa miaka mingi iliaminika huo mlipuko ni mvuke na haidrojeni tu. Lakini palikuwa na tatizo, mvuke ungefaa kutengeneza tabaka kati ya chuma na maji na kuyatenganisha, mambo yatulie. Mwaka 2015 kikundi cha Pavel Jungwirth na Philip Mason kule Prague walidondosha tone la mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu ndani ya maji na kulipiga picha kwa kamera ya kasi sana, wakaona kwamba ndani ya chini ya milisekunde moja tone linatoa miiba, kama nungunungu, pande zote. Elektroni zimekimbilia majini haraka mno, chuma kimebaki na chaji chanya kila mahali, na chaji za aina moja zinasukumana, tone linajirarua lenyewe. Kila mwiba ni uso mpya wa kugusa maji. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikatembea chumbani, kweli, manake mimi hilo tap nilikuwa nimelisikia mara mia na sikuwahi kujua ni nini.

Ngoja niseme la mchanga wa kuzimia moto wa sodiamu kabla sijasahau, manake hili lilinipata. Mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye labu niliyokuwa wakati ule, vipande vya sodiamu vilivyobaki baada ya kukata vilifungwa kwenye tishu vikatupwa kwenye pipa la taka badala ya kurudishwa kwenye chupa ya mafuta ya taa. Jioni mtu wa usafi akakamulia mopu humo. Ukawaka moto wa manjano, pipa la plastiki likaanza kuinama. Mimi nikafanya vile nilivyofundishwa, sio maji, mchanga, nikamimina ndoo nzima. Mchanga ukalia. Ukatapika vipande vya moto mpaka juu ya meza. Ule mchanga ulikuwa umechotwa pwani, una chumvi, na chumvi ya bahari inanyonya unyevu kutoka hewani mchana na usiku, na hewa ya Mombasa mnaijua. Nilikuwa nimemwaga maji juu ya sodiamu na nilidhani namwaga mchanga. Tuliliburuta pipa kwa fimbo mpaka kwenye saruji nje tukaliacha liishe lenyewe, na Mungu alitusaidia hakuna aliyeungua. Tangu siku hiyo mchanga wangu ni wa mtoni, umeoshwa, umekaushwa ovenini, uko kwenye debe lenye kifuniko cha kubana, na kila mwanzo wa muhula naufungua naushika kwa mkono. Kama unafanya kazi labu ya pwani, kaushike mchanga wako leo. Na ile silinda ya kabonidayoksaidi pia usiielekeze kwenye moto wa metali kama hizi, zinaweza kuendelea kuwaka humo humo.

Haya, haidraidi, yaani chuma kilichoshikana na haidrojeni. Shuleni hatuna, na sizitaki shuleni. Ila rafiki yangu wa labu ya chuo anatumia haidraidi ya kalsiamu kukaushia vimumunyisho, vile vimiminika vya kuyeyushia vitu, ni mabonge ya kijivu, ukiyaona utadhani kokoto. Unayatia kwenye kimiminika chenye maji machache yasiyoonekana, yanayatafuta yale maji tone kwa tone mpaka yanaisha. Na haidraidi ya sodiamu yeye huipata imechanganywa na mafuta ya madini, asilimia 60 ni haidraidi, kwa sababu unga mkavu wake ukikutana na hewa yenye unyevu unaweza kushika moto wenyewe.

Watu hudhani kwa kuwa haidraidi ni hatari basi lazima itoe joto kuliko chuma chake. Fanya hesabu uone. Kalsiamu tupu kwenye maji inatoa kilojuli 414 kwa moli. Haidraidi ya kalsiamu inatoa 233. Pungufu! Zile 181 zimekwenda wapi? Zilitoka zamani, siku ile kalsiamu ilipokutana na haidrojeni ikawa haidraidi. Chuma kilishatumia sehemu ya akiba yake, kilichobaki ndicho kinachotoka kwenye maji, na ukijumlisha 181 na 233 unarudi 414 kamili, njia fupi na njia ndefu zina nauli moja. Ndiyo ile sheria aliyoiweka Germain Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Saint Petersburg, mwaka 1840, ile Fomu Foo wanaikariri wakiichora kwa mishale bila kuihisi. Ila angalia gesi. Kalsiamu inatoa molekuli moja ya haidrojeni, haidraidi yake inatoa mbili, moja kutoka kwake na moja kutoka majini. Ukihesabu na haidrojeni ikiwaka, kalsiamu inafika 700, haidraidi inapita 800. Ile iliyoanza nyuma imemaliza mbele, na ziada yote iko kwenye gesi. Kwa hiyo anayefanya kazi na haidraidi asiangalie tu chupa inapata moto kiasi gani, aangalie gesi inaenda wapi na madirisha yako wazi au la.

Kalsiamu tuliipima wenyewe. Kikombe cha plastiki nimekizungushia pamba, ndani ya bika, maji mililita 200, mbali na moto wowote, madirisha wazi. Maji ya bomba huku kwetu hayaanzi baridi, kipimajoto kilisoma 29 kabla hatujafanya lolote. Gramu 1 ya kalsiamu ikazama, ikakaa chini sekunde kadhaa kama haijaamua, ikaanza kutoa viputo, viputo vikaibeba ikapanda, ikaviacha ikashuka, ikapanda tena, maji yakawa meupe kama tui. Tukafika 39. Digrii 10. Hesabu inasema zingekuwa 12 na kidogo, na darasa zima likasema tumekosea. Nikawaonyesha chupa: zile chembe zina ganda jeupe. Chupa imefunguliwa mara ngapi tangu inunuliwe? Kila tulipoifungua unyevu wa Mombasa ukaingia ukala kidogo, na joto lake likatoka humo humo chupani, polepole, hakuna aliyekuwepo na kipimajoto. Nyingine imepotea kwenye kikombe na mvuke. Msichana mmoja akasema basi mwalimu zile digrii mbili si kosa, zilishatoka kabla yetu. Nilifurahi mno.

Na sasa nirudi uani kwa shangazi, manake yeye alinipita. Nilipomweleza habari ya stima iliyolala ndani ya sufuria akaniambia, "Kama chokaa." Nikamuuliza kama chokaa vipi. Akasema babu yake alikuwa akichoma chokaa, matumbawe yakipangwa juu ya magogo, moto siku nzima na usiku, yanageuka meupe mepesi, halafu yakishapoa kabisa, ukiyashika ni baridi kabisa, ukiyamwagia maji yanachemka, yanapasuka, yanafuka moshi. Wao watoto wakikatazwa kusogea. "Babu akisema ule ni moto wa magogo, bado umo."

Jamani. Ndivyo hasa ilivyo. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kabonati, na kulichoma liwe chokaa isiyozimwa kunahitaji kilojuli 178 kwa kila moli. Unapoizima kwa maji (na lugha yetu yasema kuzima chokaa, yaani lugha yenyewe yaujua ule moto) zinarudi 65 kwa mkupuo, hizo ndizo zinazochemsha maji. Zilizobaki, 113, haziendi popote. Zinakaa kwenye chokaa iliyozimwa, inapakwa ukutani, na ukuta unavuta kabonidayoksaidi kutoka hewani kidogo kidogo kwa miaka mpaka unarudi kuwa jiwe, na kila kidogo inayovuta inatoa joto lake, dogo, hakuna mkono unaoweza kulihisi. 65 na 113, jumla 178, hakuna hata kilojuli moja iliyopotea njiani. Hao Hess hawakumjua babu yake shangazi wala yeye hakuwajua.

Nilirudi na feri ya magharibi, nikashuka nikapita Mji wa Kale makusudi, kwenye vichochoro vile ambavyo lipu imebanduka na unaona matumbawe ndani na chokaa katikati yake. Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto la jua tu, bila shaka. Nikauacha mkono pale muda kidogo hata hivyo.

Ndoo mpya ya plastiki nimempelekea shangazi Jumatano, nene, ina kifuniko.